Sura ya Sita: Waya wa Breki ya Feliksi

"Shika hapo, afande. Usiachie."

Sajini Rozalia akaubana mkono wa breki kwa vidole viwili. Mzee Mwinshehe alikuwa amechuchumaa upande wa pili wa baiskeli, anauvuta waya kutoka kwenye ganda lake jeusi kidogo kidogo, kama mtu anayetoa mwiba kwenye unyayo wa mtoto. Waya ulitoka na vumbi lililoshikana na mawese. Ulipokwisha kutoka wote, mzee aliulaza juu ya gunia na kujifuta vidole kwenye suruali.

Walikuwa nyuma ya kituo, chini ya bati la vielelezo, ambako upepo wa ziwani ulikuwa ukigonga kipande kilicholegea tangu asubuhi. Rozalia alikuwa ameshasimama mara tatu kukitazama kipande hicho, na mara zote tatu hakukifanya chochote.

Baiskeli ilikuwa ya marehemu Feliksi, mkulima wa Simbo. Jumamosi asubuhi alitoka kwake na madumu mawili ya mawese nyuma, akashuka mteremko wa kuja mjini, breki ikakataa, akagonga kingo za kalavati. Gari la kumbeba lilipopatikana, hakuwa na haja nalo tena. Jioni hiyohiyo watu wa Simbo waliingia Rusimbi wakiwa wamejaa kwenye lori, wakamkamata fundi Petero Nyabenda kibandani kwake na kumleta kituoni, shati limechanika. Walikuwa na sababu moja tu, na ilitosha: Ijumaa, siku moja kabla ya ajali, Nyabenda ndiye aliyeifunga baiskeli hiyo waya mpya wa breki. Sasa ilikuwa Jumatatu saa nne. Kesho saa tatu asubuhi faili lake lilikuwa linakwenda mahakamani, kosa la kusababisha kifo kwa uzembe.

"Niambie kwanza kama waya umekatwa," Rozalia alisema.

Kulikuwa na maneno mitaani kwamba Hamdani, mnunuzi wa mawese aliyegombana na Feliksi wiki mbili nyuma, alituma mtu na koleo.

Mzee Mwinshehe aliinua ncha iliyokatika, akaipeleka karibu na jicho, kisha mbali, kisha karibu tena. Alikuwa fundi wa baiskeli Ujiji tangu Rozalia hajazaliwa, na miwani yake ilikuwa na mguu mmoja wa waya wa spoki.

"Koleo linabana kabla ya kukata. Uzi ukikatwa na koleo unakuwa bapa, kama mdomo wa bata. Tazama hizi. Kila uzi umechongoka. Umevutwa mpaka ukachoka, ukaachia. Na hizi tatu zina kutu kwenye ncha, maana yake zilikatika siku za nyuma. Zilizobaki zimekatika Jumamosi."

"Kwa hiyo Hamdani hayumo."

"Mimi sijui habari za Hamdani. Nasema koleo halimo."

Rozalia aliandika. Mzee hakuuweka waya chini. Aliufungua mfuko wake wa turubai, akatoa kipande cha waya mwingine, akavilaza viwili sambamba juu ya gunia na kuvipitishia ukucha.

"Mwanangu, weka kidole. Unahisi nini?"

Rozalia aliweka kidole. "Huu wako mnene zaidi."

"Wangu ni wa breki. Huu wa marehemu ni wa gia." Alitema mate pembeni. "Waya wa gia kazi yake ni kusogeza cheni tu, hauna nguvu ya kumzuia mtu na madumu mawili kwenye mteremko. Na kichwa chake ni kidogo, hakikai kwenye tundu la mkono wa breki. Nipe huo mkono."

Alichokonoa tundu la mkono wa breki kwa bisibisi nyembamba. Kikaanguka kichwa cha waya, kidogo kama punje ya pilipili manga, kimezungushiwa ukanda wa bati la kopo la soda ili kijaze nafasi.

"Yampasa mtu awe na moyo," mzee alisema polepole, "kufunga kitu kama hiki na kumwacha mwenzake apande."

"Au awe hajui."

"Au awe hajui. Ndiyo."

"Nyabenda anajua?"

Mzee Mwinshehe alicheka bila furaha. "Yule amenichukulia wateja wangu wote wa Rusimbi, na wa Ujiji ameanza. Ningependa sana huu uwe mkono wake, afande. Ningelala vizuri. Lakini Nyabenda hawezi kufunga waya wa gia kwenye breki, hata umpige."

"Fundi anaweza kuishiwa waya. Mteja ana haraka, amesimama, anamkaripia."

"Anaweza," mzee alikubali, baada ya kufikiri. "Mwulize alifunga nini. Usimwambie ulichokiona."

Rozalia alikuwa ameshaamua hivyo. Aliweka waya, kichwa na ukanda wa bati kwenye bahasha tatu, mzee akatia sahihi kama shahidi, herufi kubwa kubwa zilizopanda mlima.

*

Nyabenda aliletwa chumba cha mahojiano akiwa ameshika suruali kwa mkono, maana mkanda ulikuwa kaunta. Alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, mikono myeusi kwa grisi ambayo siku mbili za mahabusu hazikuweza kuitoa. Hakukaa mpaka alipoambiwa.

"Armelle amekuja?" aliuliza. Armelle alikuwa mke wake.

"Ameleta chakula. Umekula?"

"Oya, sijala. Hakishuki."

"Nieleze kazi ya Ijumaa. Tangu Feliksi alipoweka baiskeli chini mpaka alipoondoka. Usiruke kitu."

"Nimeshasema kwa yule afande mwingine."

"Sema na kwangu."

Alianza kwa sauti ndogo, macho mezani, na kadiri alivyoingia kwenye kazi ndivyo mikono yake ilivyoanza kusema pamoja naye. Feliksi alikuja saa nane, waya wake wa breki umechanua kama ufagio. Breki ya mbele hakuwa nayo, aliitoa miaka mingi nyuma kama watu wote wanaobeba mawese, kwa sababu ukiikamata na mzigo uko nyuma, usukani unakukataa. Kwa hiyo breki yake yote ilikuwa hiyo moja.

"Nikakata waya wa breki kwenye roli. Mimi nanunua roli zima la waya, afande, naukata kwa kipimo cha baiskeli. Sasa waya wa roli hauna kichwa. Kichwa natengeneza mwenyewe."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa risasi za nyavu. Zile chembe nzito wavuvi wanazofunga chini ya nyavu zizame. Nanunua zilizochakaa pale Katonga, nayeyusha kwenye kopo. Nina kipande cha tofali nimekitoboa tundu, nachomeka waya, nachanua nyuzi zake ndani, namimina. Ikipoa natoa. Upande mmoja unakuwa laini, ule mwingine una chengachenga za tofali. Siusugui. Ukikwaruza ndiyo unakaa vizuri zaidi."

Rozalia hakuinua kichwa kutoka kwenye karatasi. "Halafu?"

"Nikatia mafuta ya cherehani kwenye ganda. Siyo mawese. Hawa wa Simbo wanapenda kutia mawese kwa sababu wanayo, halafu asubuhi ya baridi yanaganda, waya haurudi. Nikaupitisha, nikafunga nati. Na ule mwisho wa waya, unaobaki nje ya nati, naufumba kwa tone la risasi hiyohiyo, ili nyuzi zisichanuke."

"Tone kubwa kiasi gani?"

"Kama punje ya mtama."

"Linaweza kupita kwenye tundu la nati?"

Kwa mara ya kwanza Nyabenda alimtazama usoni. "Haliwezi. Anayetaka kuutoa waya ule sharti alikate kwanza."

Rozalia aliacha kalamu itulie. Nje mtu alikuwa anaita jina la mtu, mara ya nne sasa, na hakuna aliyeitika.

"Ulijaribu breki?"

"Nilipanda mimi nyuma, Feliksi akaendesha, tukashuka pale penye mtaro. Akakamata. Karibu nimwangukie mgongoni!" Alitaka kucheka, kicheko kikamfia. "Akasema, Petero, hii sasa ni breki ya gari."

"Ulishawahi kumfungia waya mtu mwingine wa nyumba ile ya Simbo?"

"Oya. Feliksi tu. Kuna mdogo wake, Bariki, ana baiskeli ya gia. Yule hujifungia mwenyewe. Anasema mafundi ni wezi." Akaongeza haraka, kama mtu anayetoa kitu mfukoni kabla hajapekuliwa: "Afande, mimi nimezaliwa Tanzania. Mama yangu alinizalia hapa. Lakini nikilegeza nati moja, nakuwa Mrundi. Kesho pale mahakamani hawatauliza habari za risasi wala tofali. Watauliza jina langu."

Rozalia alimsomea maelezo yake tangu mwanzo. Nyabenda alisahihisha sehemu mbili, zote za vipimo.

*

Pikipiki ya kituo ilikuwa imekwenda kwingine. Rozalia aliisubiri, akazunguka uani, akampigia simu aliyekuwa nayo, akampigia tena. Ilipofika ilikuwa saa tisa na nusu na tangi karibu tupu. Alifika Simbo saa kumi na nusu, akampitia kwanza Thobias, mwenyekiti wa kitongoji, kwa sababu hakutaka kupekua nyumba yenye msiba bila shahidi wa hapohapo.

"Unakuja kupekua matanga?" Thobias aliuliza, anatafuta viatu. "Watu bado wanalala nje pale, sajini."

"Nakuja kutazama baiskeli."

"Baiskeli si mnayo?"

"Nataka kutazama nyingine."

Thobias alisimama na kiatu kimoja mkononi. Kisha akakivaa.

Pale msibani wanawake walikuwa wamekaa kwenye mikeka kando ya nyumba, wanaume upande wa pili kwenye mabenchi ya kanisa. Wanaume walimwona Rozalia, na mmoja akasema kwa sauti ya kusikika: "Mmeshamfunga yule?" Rozalia alimpita. Alikwenda kwanza kwa mjane, akachuchumaa.

"Pole sana, dada Happiness."

"Asante. Nimeshapoa." Hakuwa amepoa. Alikuwa mwanamke mdogo, kanga imefungwa kichwani hadi karibu na macho, na vidole vyake vilikuwa vikichambua uzi wa mkeka, vinaurudisha, vinauchambua tena.

"Swali moja tu. Jumamosi, Feliksi alikuwa amepanga kuja mjini?"

"Hapana. Ijumaa alisema kesho napumzika. Halafu asubuhi, jua limeshatoka, Hamdani akapiga simu. Walikuwa wameshapatana. Akasema gari linaondoka, leta madumu mawili upesi. Nikamwambia Feliksi chai haijaiva. Akasema nitakunywa nikirudi." Alikaza kanga kichwani. "Akasema mimi leo naruka, nina breki mpya. Akapanda."

"Baiskeli ililala wapi Ijumaa?"

"Pale nyuma ya jiko. Zote mbili zinalala pale."

"Na jioni ile Feliksi alikuwepo?"

"Alikwenda mazoezi ya kwaya. Bariki ndiye alikuwa hapa."

Bariki alikuwa kwenye benchi la mwisho, kijana mrefu mwenye koti la kaka yake. Thobias alipomwita, aliinuka haraka mno, akagonga sufuria kwa mguu, akaiokota, akaiweka, akaiinua tena.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Baiskeli yako iko wapi?"

"Nyuma ya jiko."

"Twende."

Ilikuwa baiskeli nyekundu ya gia iliyokwisha kuchubuka. Rozalia aliitazama bila kuigusa kwanza. Mkono mdogo wa gia ulining'inia kwenye usukani bila waya. Aliliandika hilo. Kisha akaubana mkono wa breki ya nyuma, akainama, akamulika kwa simu ndani ya tundu.

Kichwa cha waya kilikuwa cha kijivu, kinene. Upande mmoja laini. Alichomeka ncha ya kalamu upande wa pili, akaisikia ikikwaruza.

"Mwenyekiti, tazama humu. Unaona nini?"

Thobias alichungulia. "Kama risasi ya nyavu."

"Rangi nyekundu ile pembeni?"

"Vumbi la tofali, labda."

Rozalia alihamia gurudumu la nyuma, akapiga goti. Mwishoni mwa waya hapakuwa na tone lolote. Ulikuwa umekatwa kwa kitu butu na nyuzi zilikuwa zimechanuka. Alilegeza nati kwa spana aliyoletewa na Thobias, akauvuta waya kidogo tu. Penye nati palikuwa na alama bapa ya kubanwa. Na upana wa kidole kutoka hapo, palikuwa na alama nyingine bapa, ya nati nyingine.

Akairudisha nati kama ilivyokuwa. Akajifuta mikono, akachukua muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Waya huu umefungwa mara mbili, Bariki. Mara ya kwanza kwenye baiskeli gani?"

Upande wa wanaume mtu alikuwa akieleza kwa sauti jinsi Warundi wanavyoharibu kazi. Bariki alimsikiliza mpaka akamaliza.

"Mimi nilisema kama wao," alisema. "Kwenye lori. Mimi ndiye niliyemvuta fundi shati."

"Subiri. Kabla hujaendelea, huna lazima ya kuniambia chochote. Ukisema nitaandika, na nilichoandika kitasomwa mahakamani. Umeelewa?"

"Nimeelewa." Alikaa chini, mgongo kwenye ukuta wa jiko. "Hapa kwetu breki nzuri inakwenda kwa mwenye safari ndefu. Tangu marehemu baba. Tairi pia. Nani anakwenda mbali leo? Basi anachukua. Hatuombani. Mimi Jumamosi nilikuwa na safari ya Kidahwe na kupandisha vilima vya kule, kaka akasema anapumzika. Nikabadilisha. Wake kwangu, wangu kwake. Jumapili ningerudisha."

"Wako ulikuwa waya gani?"

"Nilitoa kwenye gia. Gia zilikufa, waya ukabaki mzima. Nilitembea nao mwezi mzima, unakamata. Sibebi mzigo mimi. Nilijua waya ni waya tu, afande."

"Ulimwambia?"

"Aliporudi kwaya nilikuwa nimelala. Nikaondoka alfajiri, naye amelala." Alijipangusa uso kwa mkono wa koti, kisha akautazama mkono huo kama aliyekumbuka koti ni la nani. "Nani alijua Hamdani atapiga simu?"

Thobias aligeuka kwenda kusimama mahali pengine, lakini Rozalia alimzuia kwa jicho. Shahidi alihitajika.

Alipiga simu kwa mkuu wake. Mtandao ulikatika mara mbili. Akapanda juu ya jiwe la kufulia, akasimama kwa mguu mmoja.

"Si fundi," alisema. "Waya wa fundi uko hapa mbele yangu. Naomba faili la kesho lisiende."

"Una maelezo ya huyo kijana? Yaliyosainiwa?"

"Naanza kuandika sasa."

"Niwekee mezani saa mbili asubuhi. Kamili, yana sahihi. Nisipoyaona, Nyabenda anakwenda. Siwezi kuzuia kwa maneno ya simu."

Rozalia alishuka kwenye jiwe. Jua lilikuwa limeshuka hadi juu ya miti, na mwanga wa kuandikia ulikuwa umebaki kidogo. Aligeuza ndoo, akakaa, akaweka karatasi kwenye goti. Jina. Umri. Kabila. Kazi. Bariki alijibu yote bila kusita. Wakafika Ijumaa jioni, saa, mahali, koleo alilotumia. Wakafika pale Feliksi alipokwenda kwaya. Hapo Bariki akaweka kiganja juu ya karatasi, si kwa ukali.

"Karatasi hii itasomwa mbele ya shemeji?"

"Siku ikifika, itasomwa."

"Basi asisikie kwenye karatasi." Alitazama upande wa mikeka. "Nikishatia sahihi, utaondoka na mimi, na huku watu wengine ndio watakaomwambia. Nipe niseme mwenyewe kwanza. Kesho asubuhi nitamalizia, nitasaini kila ukurasa. Nakuapia."

"Mtu mwingine naye analala mahabusu usiku wa tatu."

"Najua. Nilimvuta shati, najua."

Rozalia alitazama karatasi. Mistari kumi na moja. Angeweza kumsukuma, na angeipata sahihi kabla ya giza. Angeweza pia kupata sahihi ambayo kijana angeikana mbele ya hakimu, mama yake na shemeji yake wakimtazama. Alizungusha kifuniko cha kalamu, akakifungua, akakifunga.

"Mwenyekiti, utalala hapa leo."

"Nilikuwa nimeshajua," Thobias alisema.

"Hatoki mbele ya macho yako. Baiskeli hii ifunge nyumbani kwako, asiiguse mtu, mpaka waya utolewe mbele ya shahidi. Mimi kesho saa kumi na mbili asubuhi niko hapa." Akamgeukia Bariki. "Saa kumi na mbili, siyo na nusu."

"Ego, ndiyo, afande," alisema Bariki, na kwa muda hakuonekana kujua aelekee upande gani.

Kisha akavua koti, akalikunja, akapita mbele ya mabenchi ya wanaume bila kusimama, akavuka ua kuelekea kwenye mikeka. Happiness alimwona akija. Alisogea kando, akaupangusa mkeka kwa kiganja, akampisha mahali pa kukaa.